Msiba wa Farasi wa Bwana

Siku farasi alipofika Ifakara, watu walimpa pole ya msiba.

Si kwa utani. Walikuja na unga kwenye ungo na jogoo aliyefungwa miguu, wanawake wameshika vichwa, wanaume nyuma kimya kama inavyotakiwa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Maji Maji vilipozimwa bondeni, mwezi ule maji ya masika yanaporudi mtoni na kuacha tope linalopasuka kama kisigino cha mtu mzembe. Punda watu walishawahi kumwona. Farasi, hapana. Wakamwona mnyama mwekundu, mrefu, ameinamisha kichwa kwa uchovu wa safari ya kutoka Kilosa, na miguu yake yote minne imezungushiwa vitambaa vyeupe, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kwato.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi mtacheka kabla ya wakati. Katika koo zetu za ukingo huu wa mto, zamani hizo, aliyefiwa alifungwa kigwe cha milala kwenye kifundo cha mguu. Mguu mmoja, marehemu mmoja. Hujifungi mwenyewe wala hujikati mwenyewe. Aliyekufunga ndiye mwenye msiba, na watu hukaa matanga kwake. Anayekukata ni jirani aliyelia pamoja nawe, na mpaka akukate, wewe bado uko matangani: ngoma huendi, harusi huitwi, na mtoto mchanga hupewi kumpakata.

Sasa mnyama mwenye miguu minne, na yote imefungwa!

"Huyu kabaki peke yake duniani," alisema mzee Teofili, aliyekuwa hodari wa kuhesabu vifo vya wenzake.

"Baba, mama, na wajomba wawili," akadakia mwingine.

"Na wamemfunga kwa sanda. Maskini, kwao hakuna milala."

Mwenye farasi alikuwa Mdachi aliyewekwa na askari kumi na wawili kulinda kivuko. Watu walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi hata akiwa anakula. Alipoona watu arobaini wanamlilia farasi wake, mkono wake ulikwenda kwenye bastola. Kisha akamwona jogoo, mkono ukarudi. Aliyejibu ni mtunza farasi, saisi wake, Dionisi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, aliyekombolewa utumwani akiwa bado na meno ya utoto akalelewa na mapadre Bagamoyo. Hakuelewa kafa nani. Lakini pole ni pole.

"Asanteni, ndugu zangu," alisema. "Tumepoa."

Watu wakarudi makwao roho nyeupe. Na kwenye matete, akiwa na mzigo wa ukindu kichwani, alikuwepo mwanamke mmoja ambaye aliyaona hayo yote tangu mwanzo, na hakuna aliyemgeukia. Huyo ni Verediana.

Jina la Verediana alipewa baadaye, mapadre walipombatiza, na Domitila jirani yake na mzee Teofili hivyo hivyo. Nitayatumia hayo, kwa kuwa yale ya kwanza wenyewe hawakupenda yasemwe tena.

Mume wa Verediana aliitwa Lipangile. Ndiye aliyeleta kibuyu cha maji kijijini. Alikwenda kukichukua ng'ambo ya mto kwa miguu yake, akawanyunyizia wanaume mmoja mmoja, akawaambia risasi zitageuka maji. Hakuwadanganya, mwenyewe aliamini kuliko wote, akaenda mbele kuliko wote. Walitoka wanaume ishirini na watatu. Walirudi wanne. Lipangile hakuwemo, wala mume wa Domitila, wala mwana wa kwanza wa Domitila.

Kisha jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na boma, akatangaza: marufuku kukaa matanga kwa ajili ya waliopokea maji yale. Marufuku ngoma, marufuku kilio cha pamoja, marufuku kigwe. Wanawake waliofungwa wakakatana haraka haraka vichakani, bila machozi, kama watu wanaoficha nyama ya wizi. Verediana alifungwa na mama mkwe wake, na mama mkwe akafa kwa njaa ya baada ya vita. Jirani wa kumkata hakutokea, kwa hiyo kigwe kikabaki mguuni pake. Jumbe alikiona akakiacha. Labda alimwona mwanamke yule kuwa msiba unaotembea, na marufuku haikutaja wanaotembea.

Hawakumtukana. Bora wangemtukana, mtu hujibu. Walihamisha tu mahali pa kuchota maji. Njia ya kwenda nyumbani kwake iliota nyasi, kwanza fupi, halafu za magotini. Alisuka mikeka, akaiacha njia panda asubuhi, na kesho yake alikuta kibaba cha mtama mahali pa mkeka. Nani kaweka, hajui. Miaka miwili alifanya biashara na watu bila kusikia sauti ya mtu.

Jioni ile alikaa mlangoni, akakitazama kigwe chake kilichokuwa cheusi kwa moshi na jasho. Farasi kaja leo, leo leo kapewa pole. Hata jogoo kapewa.

*

Wiki tatu baadaye alisikia hodi. Alidhani ni masikio yake. Hodi ikaja tena.

"Karibu," alisema, na sauti ikatoka kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Alikuwa Dionisi, suruali imejaa mbegu za nyasi mpaka mapajani.

"Dada, njia yako ina nyasi ndefu."

"Wageni wangu wengi, hawataki kuonekana."

Dionisi akacheka. Verediana akashtuka, alikuwa hajakusudia kuchekesha mtu. Kumbe bado anaweza.

Saisi akaeleza shida yake. Bwana Mluzi anamfundisha farasi kila alfajiri. Anamzungusha duara kwa kamba ndefu, anamrukisha magogo, anampitisha kwenye matete na madimbwi, kwa sababu siku ya sikukuu ya Kaizari anataka kuingia naye Mahenge kwa mbwembwe mbele ya wakubwa wake. Na farasi yule, akikimbia, kwato la nyuma hugonga mguu wa mbele. Ndiyo maana ya vile vitambaa.

Verediana akainua kichwa. "Kwa hiyo hajafiwa?"

"Hajafiwa na mtu. Ni kinga tu, asijiumize."

"Na ule unga? Na jogoo?"

"Dada, mtu akija kukulilia, utamwambia kakosea nyumba?"

Hapo Verediana alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kicheko cha miaka yote miwili. Alipomaliza, macho yalikuwa yamelowa, na Dionisi akatazama pembeni kama muungwana.

Vitambaa, alisema saisi, vinafaa nchi kavu. Hapa vinanyonya maji, mchanga unaingia, vikikauka vinakaza. Manyoya yameanza kutoka. Bwana ana viatu vya ngozi vya farasi pia, vya kufunga kwa mikanda. Navyo vikilowa vinakuwa vigumu kama gome. Farasi akilemaa Bwana atampiga risasi, na saisi atapigwa viboko ishirini na tano.

"Wewe au farasi, nani umemjia?" akauliza Verediana.

"Wote wawili. Nimeona mikeka njia panda. Nikauliza nani anasuka. Watu wakaangalia mtoni."

 Verediana akasema, "Mlete niione hiyo miguu. Sisuki kofia bila kuona kichwa."

Farasi aliitwa Fuksi. Alipoletwa, Verediana alikaa chini kwenye vumbi mbele ya miguu ile, akaitazama kama anayesoma. Dionisi akamwonyesha: huu ni mfupa, uko mbele, hauna nyama ya kuulinda. Huu nyuma yake ni mshipa mnene, huo ndio roho ya mguu. Ukiubana umemuua farasi akiwa amesimama. Mguu wa mbele ndio unaogongwa, kwa hiyo kinga yake iwe ndefu na nene kwa ndani. Wa nyuma unapigwa na magogo, huo unataka kinga mbele.

"Kumbe kila mguu na mdomo wake," alisema Verediana.

Akaweka kiganja. Mguu ulikuwa na joto. Fuksi akashusha kichwa, akampumulia shingoni, pumzi ndefu yenye harufu ya nyasi. Verediana alikuwa hajaguswa na kiumbe chochote tangu mama mkwe alipofariki. Hakuondoa kiganja haraka.

Alianza na milala, kwa kuwa ina nguvu. Siku ya pili ilikuwa imemchubua farasi. Akajaribu gome lililotwangwa. Lilinyonya maji sawa na kitambaa, likanuka kuliko kitambaa. Mwisho akachuma ukindu mchanga, ule wa katikati ambao haujafunguka, akauanika kivulini badala ya juani ili ubaki laini, akausuka ukili mwembamba wenye nafasi ndogo ndogo. Maji yaliingia kwa nafasi hizo, na kwa nafasi hizo yalitoka. Ndani akaweka sufi, lakini si kuzunguka mguu mzima. Kwenye mfupa tu na pale kwato linapogonga. Vifungo akavitia upande wa nje, mbali na ule mshipa.

"Kidole kimoja kipite," Dionisi alimfundisha. "Kisipopita umebana. Vikipita viwili, itazunguka na kuingiza mchanga. Na akitoka kazini, vua, osha, pima joto kwa kiganja. Kinga isiyovuliwa ni pingu."

Verediana akatazama mguu wake mwenyewe. 

Akazifunga zote nne kwa mkono wake. Kila alfajiri Dionisi alimleta Fuksi afungwe, kila asubuhi alimrudisha avuliwe, na nyasi za njiani zikaanza kulala chini. Mchana wote uliobaki ulikuwa mrefu kuliko zamani, kwa kuwa sasa alikuwa na cha kungoja.

*

Kijiji kiliona. Vitambaa vya sanda vimetolewa, vigwe vya kusukwa vimewekwa, na aliyefunga ni mjane wa Lipangile. Siku moja wanawake walikuwa mtoni upande wa pili wa matete, nao wakasema kwa sauti ya kusikika, maana maneno mengine huwa na miguu yake.

"Mjane wa maji kapata mfiwa mwenzake."

"Si afadhali? Farasi haulizi mume wako alininyunyizia nini."

"Subirini, mtasikia kaolewa."

"Na mahari? Jogoo wetu!"

Wakacheka. Domitila, aliyekuwa mkubwa wao, hakucheka, akajitwika mtungi wake akaondoka. Verediana aliyasikia yote. Angeweza kusimama awaambie kwamba walimpa pole mnyama aliyevaa viatu. Aibu ile ingewatosha mpaka wajukuu. Akaimeza. Aliniambia ilikuwa tamu sana mdomoni, na alijua akiitema tu, zile nyasi zitaota mpaka kwenye paa.

Mwezi wa tisa miguu ya Fuksi ikavimba.

Verediana aliiona asubuhi, akavua kinga, kiganja kikazama kwenye nyama kama kwenye unga uliokandwa. Kidole kimoja, alijikumbusha. Jana kilipita? Kilipita. Au labda hakikupita.  Mikono ya nyumba ile, alifikiri: mume aliwafunga watu kwa maji, mke kafunga mguu kwa ukindu, na wote wanaoguswa wanakufa.

Bwana Mluzi alikuja mwenyewe siku hiyo, bila mluzi. Akanyoosha fimbo kwenye kinga, akanyoosha fimbo kwa Verediana, akasema maneno marefu. Dionisi hakuyatafsiri. Alimshika Bwana kwa namna ambayo saisi hamshiki bwana, kwa mkono wa shati, akamwinamisha, akamwonyesha chini ya tumbo la farasi. Kulikuwa na uvimbe ule ule, na hapo hakuna kinga iliyofungwa. Akamwonyesha macho yanayotoka machozi, na mbavu zilizoanza kuhesabika japokuwa mtama uliliwa.

"Mbung'o," alisema Dionisi. "Inzi wa matete. Ni ugonjwa wa ndorobo, Bwana. Miguu haina kosa."

 Bwana akamsugua Fuksi paji la uso, akaenda zake.

Fuksi alikufa siku ya nane, asubuhi, akiwa amelala kwa ubavu mbele ya nyumba ya Verediana, kwa kuwa ndiko alikojikokota. Miguu ilikuwa safi. Hakuna mchubuko, hakuna kovu, hata unywele haukupungua. Kinga ilizuia kila kitu isipokuwa kilichokuja kumuua. Bwana Mluzi alikuja kumtazama, akaamuru azikwe, akapanda mtumbwi siku hiyo hiyo kwenda Mahenge na tandiko lake magotini kama mtoto.

Dionisi alikaa chini. "Mimi sijui kwetu," alisema. "Sijawahi kufiwa, maana sikuwa na wa kufa. Sasa najua." Akaokota kinga moja, akaigeuza mikononi. "Nifunge, dada. Kama mnavyofanya."

Verediana akafumua ukili, akamfunga kigwe kifundoni. Kisha Dionisi naye akamfunga yeye, mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mwenyewe.

Wakakaa hivyo, watu wawili na farasi aliyekufa. Hapo ndipo nyasi za njiani zikatikisika.

Alitangulia Domitila, unga kwenye ungo. Nyuma yake wanawake wote wa kijiji, nyuma ya wanawake wanaume wanne waliorudi na wazee. Domitila hakumtazama Verediana usoni. Alitua ungo.

"Aliyemfunga farasi ni wewe," alisema. "Aliyefunga ndiye mwenye msiba. Desturi ni desturi. Tumekuja kukaa."

Wakakaa. Na kilio kikaanza, chembamba kwanza. Jumbe akaja mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Nyie! Mmesahau amri? Kukaa matanga marufuku!"

"Ni farasi wa Bwana," alijibu Domitila.

"Hata kama!"

"Haya. Simama hapo hapo tukutume. Panda mtumbwi, mfuate Bwana, mwambie tumekataa kumlilia farasi wake kwa sababu wewe umetukataza."

 Jumbe akatafuta mahali pa kukaa.

Siku tatu walilia. Jina la farasi lilitajwa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo kila mwanamke aliinama mpaka chini kabisa, akalia na kuzungumza bila sauti, midomo tu ikicheza, na kila mmoja midomo yake ilifanya jina tofauti. Wanaume wanne waliorudi walilia kuliko wote. Askari wa kivukoni walipita, wakavua kofia, wakaenda kueleza kwamba watu wa Ifakara wanawapenda sana wanyama.

Lakini hakuna aliyemsogelea Verediana. Walikaa kwake, wakala kwake, wakalia kwake, na kumzunguka kulibaki mahali patupu, upana wa mkeka mmoja. Upweke wa siku zile tatu, alisema, ulikuwa mkali kuliko wa miaka miwili, maana huu ulikuwa na watu ndani yake.

Siku ya nne walishuka mtoni kuoga na kukata. Dionisi alikatwa na mzee Teofili, akapigwa maji usoni, akaambiwa sasa una kwenu. Bado mwenye msiba. Watu wakatazamana. Nani atamkata?

Domitila akachukua kisu. Akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya mjane wa mtu aliyewanyunyizia mumewe na mwanawe. Akashika mguu wa kushoto, akakikata kigwe cha farasi, akakitupa majini.

"Cha farasi nimekata," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Farasi hakunikosea kitu."

Hakusimama. Kisu kilikuwa bado mkononi. Mguu wa kulia ulikuwa pale, na kile kigwe cheusi cha miaka miwili.  Verediana alitazama utosi wa Domitila, nywele zilizoota mvi pale mbele zote kwa mara moja. Domitila akageuza uso, akatazama ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro walikokwenda wanaume wale, kama anayemtafuta mtu kwenye matete ya kule. Mkono ukasogea wenyewe.

Kigwe kikaanguka.

"Kisu kimeteleza," alisema Domitila. Akainuka, akajipangusa magoti, akapanda kingo bila kugeuka.

*

Haya niliyasikia kwa wote wawili, kwa sababu Domitila ni bibi yangu mzaa mama, na Verediana ndiye aliyenilea. Nilipokuwa na miaka sita bibi alinipa mkeka wangu, akaniambia, "Nenda ukalale kwa yule, nyumba yangu imejaa." Nyumba ilikuwa na yeye na kuku. Nililala kwa Verediana miaka kumi na moja, na kifundo chake cha kulia kilikuwa na alama nyeupe kuzunguka, ambapo unywele haukuota tena.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza bibi kama kweli aliamini kwamba farasi yule alikuwa amefiwa.

"Mimi mjinga?" alisema. "Mnyama gani anavalishwa msiba? Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na bado mlimpa jogoo?"

"Jogoo hakuwa wangu."

Akaendelea kupepeta mpunga. Nikamuuliza tena, kwa nini alikwenda kumlilia basi. Alipepeta mpaka pumba zote zikaisha, halafu akapepeta mchele mtupu.

"Kulikuwa na watu kumi na tisa wa kulilia," alisema, "na ruhusa ya mmoja."